Mtamba Aliyekataliwa kwa Rangi

Wankyo Nyamburi hakuwa mtu wa kumwamini ng'ombe kwa kumtazama. Ngozi inang'aa? Wamempaka mafuta. Tumbo limejaa? Wamemlambisha chumvi asubuhi akanywa maji mpaka akavimba. Ana kibali chenye mhuri? Huyo ndiye wa kumkimbia kabisa, maana nani anahangaika kutafuta mhuri wa ng'ombe asiye na kasoro? Pale Nyamuswa walimpa jina la Bi Karantini, na watoto wa shule walipopita kwenye ua wake walikohoa makusudi, kho, kho, ili wamwone anavyotoka mbio na fimbo. Na alikuwa anatoka kweli! Atasimama, atasikiliza, akigundua ni watoto atawaporomoshea matusi mpaka wafike barabarani.

Haya, chekeni na ninyi. Lakini mcheke mkijua alikotoka.

Mwaka wa sotoka, ule ugonjwa wa kufyeka ng'ombe, miaka ile ya shida ambapo sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ya kusimuliwa, mumewe marehemu Nyamburi alileta nyumbani fahali mmoja mnene balaa. Alimnunua kule mpakani kwa watu asiowajua, akamswaga kwa njia za porini asipite kwenye kituo cha ukaguzi, akamwingiza zizini huku anamsifu kama mtoto aliyefaulu mtihani. Wankyo aliuliza katoka wapi. Akaambiwa mwanamke anajua nini habari za ng'ombe. Haikupita mwezi, zizi zima linatokwa machozi na kuhara, wanaanguka mmoja mmoja. Bwana mifugo alikuwepo, tusimsingizie, ila pikipiki yake haikuwa na petroli na friji yake ya chanjo haikuwa na mafuta ya taa. Alikuja kwa miguu, akatikisa kichwa, akarudi kwa miguu. Zizi likabaki na mavi makavu tu.

Nyamburi hakuumaliza mwaka wa pili. Wankyo alibaki na binti mmoja, Hyasinta, darasa la tatu, na shamba la pamba lisilo na dawa ya kupulizia. Jirani yake Mbuke, mwanamke mwenzake ambaye ng'ombe wake walikuwa wamepelekwa malishoni mbali wakanusurika, alimletea maziwa kibuyu kizima kila asubuhi kwa miaka miwili. Mvua inyeshe, jua liwake, Mbuke huyo, anapiga hodi, anaweka kibuyu, anaondoka bila kungoja shukrani. Hyasinta alikua kwa maziwa yale.

Kwa pamba na kwa kulimia watu, Wankyo akaja kupata mtamba mmoja. Mmoja tu. Akazaa, wakazaliana, na wakati wa habari hii zizi lake lilikuwa na ng'ombe kumi na wanne, wote aliowakamata kwa mikono yake walipokuwa wanazaliwa. Alichunga mwenyewe. Hakuazima dume la mtu, alikuwa na lake. Hakunywesha lamboni wakati wengine wananywesha, alingoja saa sita jua likiwa kali na watu wamekwenda kivulini, ndipo anateremka na wake.

Tena alikuwa na kipimo chake. Nyuma ya nyumba kuna kilima kidogo cha mawe. Ukimletea ng'ombe amtazame, hapotezi muda kufungua mdomo wala kuvuta mkia. Anampandisha kile kilima mbio mbio, anamteremsha, halafu anakwenda kusimama karibu na pua yake na kunyamaza. "Ng'ombe akisimama anaweza kukudanganya," alikuwa akisema. "Akihemaga hawezi." Na wanaume wale wale waliomcheka walikuwa wanampelekea ng'ombe wao kimya kimya, saa ambazo hawaonekani na wenzao.

Basi ikaja miaka ya ruksa. Biashara ni yako, lori ni lako, mnada kila mahali. Wafanyabiashara walitoka upande huu na upande ule, ng'ombe anauzwa leo hapa, wiki ijayo yuko Butiama, wiki inayofuata yuko machinjioni Musoma, na katikati amelala kwenye maboma ya watu wanne. Mnadani, kando ya mitumba na kandambili, kuna mtu katandika turubai na chupa za dawa ya njano, ile ya kutuliza kikohozi mpaka ng'ombe auzwe, na sindano moja. Moja hiyo hiyo! Anamdunga huyu, anaifuta kwenye suruali, anamdunga yule. Kila mtu daktari. Redio nayo ikawa inasema habari za homa ya mapafu ya ng'ombe, kwamba imeonekana kaskazini, kwamba watu wasiswage mifugo bila kibali. Wankyo alisikia, akazidi kuwa mkali. Hata fadha alipopita na baiskeli kubariki nyumba, alimwuliza kwanza kama magurudumu yamekanyaga mavi ya zizi la mtu.

Ndipo Hyasinta akapata mchumba.

Kijana anaitwa Bernado, fundi baiskeli wa Kitaji pale Musoma mjini, mtaratibu, ana mikono michafu na maneno masafi. Wazazi wake ni wa Butiama. Posa ilikuwa imeshavunjika mara moja kwa mchumba mwingine, na Hyasinta alikuwa amelia mwaka mzima kwa ajili hiyo, kwa hiyo hii ya pili Wankyo aliibeba kama yai. Wakakubaliana ng'ombe wanane. Baba wa kijana, mzee Leodgar, akaja nao siku iliyopangwa, amevaa koti zito na jua lote lile, ndugu zake nyuma, vigelegele mbele.

Sasa kule kwao ng'ombe wa mahari wakifika wanaingia zizini siku hiyo hiyo, jua likiwa bado lipo. Kuwaacha nje ni sawa na kumwambia mgeni alale barabarani. Wankyo alilijua hilo fika. Akaenda kusimama mlangoni pa zizi, kaushika mti wa mlango.

"Shemeji, pisha," alisema Mwikwabe, kaka wa marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo siku hiyo.

"Nataka nione mwendo wao."

"Mwendo wa nini? Hawa si askari!"

Watu wakaangua kicheko, na Leodgar naye akacheka, mzee wa watu. "Mwache mkwe wangu aone mali yake," akasema. Kwa hiyo ng'ombe wanane wakapandishwa kilimani huku wageni wakishangilia, wakidhani ni mchezo wa Nyamuswa.

Mmoja wao alikuwa mtamba mwekundu mwenye mkia mweupe, mzuri kuliko wote. Wankyo alikuwa ameshamtilia shaka tangu barabarani. Ng'ombe waliokulia pamoja wanajuana, kila mmoja ana nafasi yake. Huyu alikuwa anapigwa pembe na kila mmoja, hata na dume dogo. Hakuwa wao. Alipoteremka kilimani alisimama peke yake, shingo kainyoosha, viwiko kavipanua mbali na kifua, na kila akitoa pumzi anaguna. Kisha akakohoa. Mara moja tu, kikohozi kidogo kile cha mtu anayejizuia kanisani. Wankyo akampapasa shingoni, akakuta vinundu viwili vya sindano.

Akajifuta mikono kwenye majani.

"Mkwe," alimwita Leodgar pembeni. "Huyu amezaliwa kwako?"

"Kwangu kabisa. Mama yake nimemwacha nyumbani ananyonyesha."

"Kweli?"

"Mkwe, nikudanganye siku kama ya leo?"

Alikuwa anadanganya. Wankyo aliona kwa jinsi alivyovuta kola ya koti. Mtamba alikuwa wa mnadani, amenunuliwa kujaza hesabu kwa sababu zizi la Leodgar lilikuwa limepungua na mzee hakutaka kuonekana amepungua. Hiyo ni aibu ya kawaida, nani asiye nayo. Ila mzee mwenyewe hakujua alichonunua, na Wankyo aliliona hilo pia.

Hapa sasa tusikilizane vizuri. Ng'ombe wa mahari anaweza kukataliwa, ni haki ya mwenye binti. Lakini hasemwi ubaya. Ukisema anaumwa, umesema wakwe wamekuletea mzoga, na umempa binti yako mzigo wa kubebeshwa maisha yake yote kule aendako: kila akikorofishana na mtu ataulizwa kama mama yake ameshamaliza maneno. Kwa hiyo lipo neno moja la heshima, linalotumika tangu zamani, na kila mtu anajua kuwa halina maana yoyote. Wankyo alitazama dirishani. Hyasinta alikuwa pale ndani, amejifunga kitenge kipya, anachungulia, macho yanamtoka kwa hofu.

"Huyu mwenye mkia mweupe," alisema Wankyo kwa sauti ya kusikika, "rangi yake haikunipendeza."

Loo! Watu wote walishusha pumzi. Leodgar akacheka, akasema kama ni rangi tu hilo si tatizo, keshokutwa ataleta mwingine mweusi tii. Mtamba akafungwa kamba kwenye mti wa nje, jioni akarudishwa Butiama. Wale saba Wankyo hakuwachanganya na wake. Aliwapeleka ng'ambo ya korongo, akatunga uongo kwamba majani ya huko ni mazuri, akawakalisha huko mpaka mvua zikaisha. Yule mweusi alipoletwa, naye akapelekwa huko huko. Hawakukohoa. Wale saba walikuwa wamekutana na yule mtamba asubuhi ile ile tu.

Ofisi ya bwana mifugo, kijana mpya aliyeletwa mwaka ule, ilikuwa karibu na soko. Wiki ile Wankyo alipita mlangoni pake mara mbili, mara ya kwanza anakwenda kununua chumvi, mara ya pili hana anachonunua. Hakuingia. Alijiambia pengine lilikuwa vumbi. Pengine Leodgar atamchinja watu wale harusini. Mwanamke aliyekuwa anashuku hata baiskeli ya padri, siku hizo alikuwa anajipa moyo kwa vitu ambavyo angesimuliwa na mtu mwingine angemcheka.

Harusi ikafungwa. Hyasinta akahamia Kitaji. Barua ya kwanza ikaja, ya pili ikaja na habari kwamba ana mimba na baba mkwe anampenda sana, anamletea samaki kila akija mjini. Wankyo alikuwa anasoma barua hizo na Mbuke mara mbili mbili, wanacheka.

Kisha asubuhi moja Mbuke akatokea barabarani anavuta ng'ombe kwa kamba, anaimba kabisa.

"Mama Hyasinta! Toka uone! Nimepata mali mnadani, yaani bwerere!"

Mtamba mwekundu. Mkia mweupe.

Wankyo alikaa pale pale alipokuwa anapepeta mtama, ungo mikononi.

"Mbona umeduwaa? Njoo unipandishie kilimani. Mimi bila wewe simwingizi mtu zizini kwangu, unanijua."

Alimpandisha. Alimpandisha mara mbili, ya pili mbio zaidi, na anaomba Mungu, haki ya Mungu anaomba, kwamba akohoe mbele ya macho ya Mbuke mwenyewe ili asihitaji kusema kitu. Mtamba alipanda na kuteremka kama mbuzi. Alikuwa amenona. Viwiko viko mahali pake. Wankyo akasimama puani, akasikiliza, hakuna. Akapapasa shingo, vinundu sasa vilikuwa vinne.

Alikuwa na maneno tayari mdomoni. Huyu nilimkataa mimi. Lakini akisema hivyo ataulizwa kwa nini, na akieleza kwa nini, kufika jioni Nyamuswa nzima inajua, kesho yake Butiama inajua, na Hyasinta yuko kule na tumbo la miezi minne. Na mbona anaonekana mzima? Si pengine amepona kweli?

"Mwendo wake mzuri," alisema.

"Eeh! Sema tena!"

"Mwendo wake mzuri. Ila mfunge peke yake kwanza, Mbuke. Hata mwezi mmoja."

"Wewe na karantini zako!" Mbuke alicheka mpaka akashika kiuno. Akaondoka na mtamba wake, akamwingiza kwa wenzake siku hiyo hiyo, kwa nini asimwingize? Bi Karantini mwenyewe kasema mwendo mzuri.

Ilichukua kama miezi miwili. Kikohozi kilianzia kwa ng'ombe wa maziwa wa Mbuke, kikahamia kwa maksai, halafu kikaruka ua na kwenda kwa majirani wa chini waliokuwa wananywesha naye. Ng'ombe walisimama na shingo wamezinyoosha, povu mdomoni, wanaguna usiku kucha mpaka watu hawalali. Waliokufa walipopasuliwa, mapafu yalikuwa yameganda kifuani. Bwana mifugo alitangaza karantini, akapita nyumba kwa nyumba na daftari lake anauliza swali moja: ulianzia wapi? "Nisipojua ulikotoka," alikuwa anawaambia, "sijui kwingine ulikopita. Nitafunga mnada upi? Nitamwonya nani?"

Watu wakaanza kutazamana. Aliyekwenda mnadani alikana. Aliyeuza ng'ombe alidai hajauza tangu Krismasi. Mgeni akiomba maji anaulizwa kwanza katoka boma gani. Na kama kawaida yetu, tulipokosa wa kumlaumu tukamtafuta asiye na ndugu, na huyo alikuwepo: Mayala, mswagaji kutoka Usukumani, aliyekuwa anaswaga ng'ombe wa wafanyabiashara kwa miguu kutoka minadani mpaka Buhare, nje ya mji wa Musoma. Alikuwa amepita Nyamuswa miaka kumi. Ghafla ikawa yeye ndiye.

Kikaitwa kikao. Mwikwabe alisimama akasema hayo yote kwa kirefu, kisha akageuka. "Lakini yupo hapa mtu anayewajua ng'ombe kuliko sisi wote. Shemeji, tuambie. Ni Mayala?"

Wankyo alihisi macho ya watu wote yako juu yake. Mbuke alikuwa amekaa karibu naye, bega kwa bega, amekonda, kaziba mdomo kwa upande wa khanga.

"Mimi wageni siwaaminigi," alisema Wankyo.

Hakusema ndiyo. Baadaye alijitetea hivyo mwenyewe, kwamba hakusema ndiyo. Lakini ilitosha kabisa. Siku ya pili Mayala alipofika lamboni na kundi lake lenye kiu, vijana walimtimua kwa fimbo, na mmoja akampiga mdomoni.

Mchana huo huo Mayala alisimama nje ya ua wa Wankyo, mdomo umevimba. Hakukaribia. Alijua sheria za mama huyu.

"Shikamoo, mama. Naomba maji tu."

Alimpelekea maji kwenye kopo, akaliweka juu ya jiwe. Mayala akanywa taratibu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mama, kuna mtamba mmoja, mwekundu, mkia mweupe," alisema. "Nilimchukuaga kwa mkwe wako Butiama, nikamswaga mpaka mnadani huku. Njiani alikuwa anakohoa. Nikarudi nikamwambia yule mzee, baba, ng'ombe uliyeuza ana kifua. Akaniambia hapana, huyo hana ugonjwa, alikuwa wa mahari, na mama mkwe kule Nyamuswa anajua ng'ombe kuliko daktari, angekuwa mgonjwa angesema. Alimkataa kwa rangi tu."

Wankyo aligeuka akatazama zizi lake.

"Mimi nikisema hayo nani atanisikia? Watasema Msukuma anasingizia wakwe za watu." Akarudisha kopo juu ya jiwe. "Ahsante kwa maji, mama."

Akaenda zake. Wankyo alibaki amesimama juani. Miezi yote ile alikuwa amejifariji kwamba Leodgar alijua, au alishuku, na kwamba mzigo ni wa wote wawili. Kumbe mzee wa watu alikuwa amemwamini. Lile neno la heshima, ambalo kila mtu anajua halina maana, Leodgar alilichukua kuwa ni kweli kwa sababu lilitoka kinywani mwa Wankyo. Na bado, siku ile hakwenda ofisini, wala kesho yake. Mimi sitamtetea.

Siku ya tatu, asubuhi, akaja Mbuke. Alikuwa anavuta ng'ombe mmoja na ndama wake nyuma.

"Mama Hyasinta, nimebakiwa na hawa tu," alisema. "Huyu hajakohoa. Namwona mzima. Kwako ndiko ugonjwa haujafika. Nimekuja kumweka kwako."

Kuweka ng'ombe kwa rafiki ni jambo la kawaida kule. Unamweka, rafiki anakamua, ndama mkagawana mnavyojua. Mtu hakatai. Kukataa ni kumwambia mwenzako urafiki umekwisha. Ng'ombe kumi na wanne wa Wankyo, na wale wanane wa mahari, walikuwa nyuma yake zizini wanacheua. Huyu mmoja akiingia, baada ya miezi miwili hakuna zizi. Wankyo alishika mti wa mlango kama siku ya mahari.

"Mbuke, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Huyo ameshaupata. Hata kama hajakohoa."

"Umejuaje? Hujampandisha hata kilimani."

Ndama akaanza kunyonya.

"Yule mtamba wako," alisema Wankyo, "alikuja hapa kwanza. Aliletwa kwenye mahari ya Hyasinta. Nilimkataa. Nilisema rangi, lakini alikuwa anakohoa."

Mbuke alimtazama. "Halafu nilipokuletea mimi?"

"Sikumtambua," alisema Wankyo haraka. "Alikuwa amenona. Sikumtambua, Mbuke."

Mbuke alimgeuza ng'ombe wake, akamfunga kwenye mti kando ya barabara, mbali na zizi, ndama pembeni. Kisha akajifunga khanga vizuri kiunoni. "Twende," alisema. "Usiniambie mimi peke yangu."

Walikwenda wawili, Mbuke mbele. Pale ofisini kulikuwa na benchi moja, wakakaa pamoja. Bwana mifugo alifungua daftari, akaandika jina la Wankyo, akauliza mtamba alitoka kwa nani. Wankyo alimfikiria Hyasinta na tumbo lake, na samaki wa baba mkwe, na jinsi koti lile zito litakavyosimama mlangoni Kitaji kuuliza kwa nini.

"Kwa mzee Leodgar wa Butiama," alisema. "Mkwe wangu. Naye hakujua. Na huyo Mayala muacheni, hana hatia."

Kijana aliandika kwa kasi. Sasa alikuwa na njia nzima: Butiama, mnada, Nyamuswa. Alisema kuna boma moja Butiama atalikuta pengine bado mapema, na usoni alionekana kufurahi kidogo. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alipofika mstari wa mwisho alisita, akamtazama mama huyu mtu mzima aliyemtaja mkwe wake mwenyewe, akataka kumsaidia.

"Hapa wanauliza mlijua lini. Nimeandika kwamba mtamba alipofika kwa Mama Mbuke hamkumtambua, mkaja kugundua baadaye. Ni sawa, mama?"

Ilikuwa sawa kabisa. Ilikuwa imeshaandikwa. Wankyo alichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Mbuke alikuwa anatazama sakafu, ametulia, hangojei lolote tena.

"Futa," alisema Wankyo.

"Nifute nini?"

"Hapo pa kutomtambua. Nilimtambua akiwa bado barabarani, Mbuke hajafika hata mlangoni. Nilimtambua kwa mkia."

Kalamu ilisimama. Mbuke alinyanyua kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu wawe majirani hakumwita Mama Hyasinta.

"Nilikuuliza, Wankyo," alisema. "Mimi nilimleta kwako nikakuuliza."

Bwana mifugo alingoja kama kuna atakayesema kingine. Kisha akaukata ule mstari, akaandika upya.